Simba Hawakuua Watu 2,493

Muulize mtu yeyote uliyesoma naye shule ya msingi kuhusu reli ya kwanza ya Kenya. Kabla hajataja Mombasa wala Kisumu, atataja simba. Atakupa Tsavo, atakupa madume mawili yasiyo na manyoya shingoni, atakupa vibarua wakiburutwa kutoka kwenye mahema usiku wa manane. Kama ni mtu wa filamu atakukumbusha ile ya Hollywood ya 1996, ambayo kwa taarifa yako haikupigwa Kenya, ilipigwa Afrika Kusini. Na stori yenyewe si ya uongo. Kuanzia Machi hadi Desemba 1898, simba wawili waliwinda binadamu kwenye kambi za reli pale Tsavo mpaka kazi ikasimama.

Sawa. Sasa tulete hesabu.

Reli ya Uganda, maana ndivyo ilivyoitwa hata kama karibu yote ilikuja kuwa ndani ya Kenya, ilianza kutandazwa Mombasa mwaka 1896 na ikagusa Ziwa Victoria Desemba 1901. Karibu wafanyakazi 32,000 waliletwa kwa meli kutoka India kuijenga. Kati yao 2,493 walikufa. Wengine 6,454 waliondolewa kazini kwa sababu ya maradhi au ulemavu. John Patterson, yule mwanajeshi aliyewapiga risasi wale simba, aliandika katika kitabu chake cha 1907 kwamba walikuwa wamewaua Wahindi 28, pamoja na Waafrika ambao hakuna aliyeweka hesabu yao. Miaka ilivyosonga idadi ikapanda, ikafika 135. Mwaka 2009 watafiti walipima kemikali zilizobaki kwenye mifupa na manyoya ya simba hao, ambao sasa wamesimamishwa kwenye makumbusho ya Field Museum kule Chicago, wakakadiria kwamba waliliwa watu kama 35 hivi.

Tuchukue ile 28 ya Patterson, kwa sababu inahusu Wahindi, na ile 2,493 pia inahusu Wahindi. Gawanya. Kati ya kila vibarua 89 waliokufa kwenye reli hii, simba wa Tsavo walichukua mmoja.

Wale wengine 88 je?

Reli ina maili 582. Ukiwapanga wafu wote kwenye njia hiyo unapata wanne kwa kila maili, na bado kuna nafasi ya kuongeza wa tano hapa na pale. Sisi tukachagua kusimulia wanyama wawili. Nadhani kuna sababu, na sababu hiyo bado inafanya kazi nchini hadi leo: simba hana bosi. Mtu akiliwa na simba hakuna wa kuulizwa. Hakuna aliyeweka sahihi mahali, hakuna bajeti iliyokatwa, hakuna ripoti iliyowekwa kapuni. Tunasema ajali haina kinga, tunamwombea marehemu, tunaendelea.

Fika kwanza, utajenga baadaye

Ili uelewe watu walikufaje, lazima uelewe reli ilivyojengwa.

Uingereza ilikuwa na haraka. Ilitaka kufika Uganda, kwenye chanzo cha Mto Nile, na Wajerumani walikuwa hapo kusini tu, upande ambao leo ni Tanzania. Kule London, bungeni, wapinzani walikuwa wakiuliza kila mwaka pesa zinaenda wapi. Mbunge mmoja, Henry Labouchere, alitunga hadi mashairi ya kuikejeli reli hiyo kama kazi ya vichaa. Jina la treni ya wendawazimu ambalo watalii wanalipenda sana lilipata umaarufu baadaye, kupitia kitabu cha Charles Miller cha 1971. Kwa hivyo mhandisi mkuu, George Whitehouse, alikuwa na kazi mbili: kujenga reli, na kuonyesha kila wakati kwamba inasonga mbele. Kazi ya pili ndiyo iliyoamua jinsi ya kufanya ile ya kwanza.

Mtindo ulikuwa huu. Ukifika kwenye bonde au mto, husimami kungoja daraja la chuma. Unatandaza reli ya muda. Reli inazunguka, inashuka hadi karibu na maji, inavuka kwa daraja la mbao, inapanda tena upande wa pili, na safari inaendelea. Treni za vifaa zinaanza kupita hapo mara moja, zimebeba vyuma, maji, chakula na watu. Miezi baadaye anakuja mtu mwingine kujenga daraja lenyewe. Patterson alipelekwa Tsavo kwa kazi hiyo hiyo. Reli ilikuwa imeshavuka mto na kwenda zake. Yeye alibaki nyuma na mamia ya vibarua kujenga daraja la kudumu. Ndiyo maana kulikuwa na kambi kubwa za watu wamekaa mahali pamoja miezi na miezi, porini, ndani ya mahema ya turubai. Simba hakuwafuata hao watu. Waliwekwa pale, wakaachwa.

Mtindo huu si wa kijinga. Wajenzi wengi wa reli wa enzi hiyo waliutumia, kwa sababu reli yenyewe ndiyo iliyobeba vifaa vya kujengea reli. Mataruma milioni 1.2, vipande vya reli 200,000, vyote vilitoka nje na kuingilia Mombasa. Bila treni hungeweza kuvifikisha mbele. Lakini ona maana yake. Kila treni iliyopita kwenye njia ile ilipita juu ya kitu ambacho waliokijenga walijua hakijaisha.

Na kilichoisha nacho kilikuwa chepesi. Upana wa reli ulikuwa mita moja, kama reli nyingi za India, ili injini na mabehewa yaweze kupatikana huko kwa urahisi. Chuma chenyewe kilikuwa na uzito wa kilo 25 hivi kwa kila mita. Matuta ya udongo yalirundikwa kwa majembe na karai, na udongo mpya unahitaji muda ukae, ushikane. Hawakuupa muda. Mvua zilizokuja mwishoni mwa 1896 kule pwani zilibomoa matuta, zikajaza mashimo maji, na kwenye mashimo hayo mbu wakazaliana.

Hapa niseme wazi: wengi wa wale 88 hawakugongwa na kitu. Waliuawa na malaria, kuhara damu, homa ya mapafu walipofika kwenye baridi ya nyanda za juu, na vidonda vya miguu vilivyooza. Funza tu alitosha kumtoa mtu kazini akabaki bila vidole. Lakini maradhi ya kambini na ajali za relini ni watoto wa mama mmoja. Zote zinatokana na ratiba iliyosema tusonge, hao waliobaki nyuma watajijua.

Birika la tani kadhaa

Sasa njoo kwenye injini yenyewe.

Injini ya mvuke ni birika lililofungwa. Nyuma kuna jiko. Moto wa jiko unapita ndani ya mabomba yaliyozungukwa na maji, maji yanachemka, mvuke unakosa pa kwenda, unasukuma pistoni, pistoni zinazungusha magurudumu. Mtu mmoja anaendesha, mwingine anachochea moto. Hakuna siri zaidi ya hiyo, na uzuri wake ni kwamba unaona kila kitu kikifanya kazi. Hatari yake ni kwamba birika hili halina mfuniko unaoruka. Likizidiwa, linapasuka.

Kitu kinachomnyima dereva usingizi ni maji. Sehemu ya juu ya jiko lazima ifunikwe na maji wakati wote. Ikibaki wazi, kwa dakika chache tu, chuma kinakuwa laini kama plastiki ya basini iliyoachwa juani, na mvuke unakiangusha ndani. Sasa fikiria injini inayopanda mlima. Maji yote yanakimbilia nyuma, jiko limefunikwa vizuri, kipimo kinaonyesha maji tele. Injini ikivuka kilele na kuanza kushuka, maji yanakimbilia mbele. Jiko linabaki wazi. Dereva anayeamini alichosoma kwenye kipimo dakika moja iliyopita anaweza kuwa amesoma kitu cha mwisho maishani mwake.

Na hii reli ni milima mitupu. Inaanza Mombasa, usawa wa bahari. Inapanda hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600. Inaendelea kupanda hadi ukingo wa Bonde la Ufa karibu na Limuru, inatumbukia bondeni, inapanda tena Mau hadi zaidi ya mita 2,400, halafu inashuka hadi Kisumu, mita 1,100 na ushee. Katikati ya pwani na Voi kuna nyika ya Taru, ambako maji hayapo. Treni za maji zilibidi zitoke nyuma kila siku kupelekea kambi ya mbele. Injini ilikuwa inachemsha maji ili ibebe maji.

Injini za kwanza nyingi zilikuja kutoka India, nyingine zikiwa zimeshatumika huko. Viwanda vya Uingereza vilikuwa vimelemewa na maagizo baada ya mgogoro mkubwa wa wafanyakazi wa uhandisi wa 1897 na 1898, kwa hivyo injini 36 zikaagizwa kutoka kampuni ya Baldwin ya Philadelphia. Wabunge wa London hawakufurahia pesa yao kwenda Marekani, lakini treni haivutwi na uzalendo. Makaa ya mawe yalitoka ng'ambo na yalikuwa ghali, kwa hivyo injini nyingi zilikula kuni. Ile mikaratusi unayoiona imesimama kila mahali Kenya, ambayo leo tunailaumu kwa kunywa maji yote, ilianza kuletwa mwaka 1902 ili kulisha matanuri ya treni.

Watu hudhani kazi ngumu ya injini ni kuvuta. Kuvuta ni rahisi, ikishindwa inasimama. Kazi ngumu ni kuzuia. Kwenye mteremko, mabehewa yote yaliyo nyuma yanaisukuma injini, na yakikatika kwenye kiungo wakati wa kupanda yanarudi nyuma yenyewe, yakiongeza kasi, bila dereva. Tuliona mwisho wa hali kama hiyo Juni 2002 pale Igandu, Tanzania, treni ya abiria iliposhindwa kupanda, ikarudi nyuma kilomita kadhaa na kugonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Hiyo haikuwa injini ya mvuke tena, ilikuwa ya dizeli. Mlima haujali unachoma nini.

Kamba ya Kikuyu

Mahali ambapo haraka hii ilionekana wazi kabisa ni kwenye ukingo wa Bonde la Ufa.

Reli ilifika Nairobi 30 Mei 1899. Nairobi haikuwa mji, ilikuwa tambarare la kinamasi, eneo la mwisho lililo sawa kabla ya milima, pahali pazuri pa kuegesha injini na kurundika vyuma. Mbele kulikuwa na ukuta wa bonde. Kujenga njia ya kushuka polepole, ikizungukazunguka na kuvuka makorongo kwa madaraja, kungechukua zaidi ya mwaka. Hawakuwa tayari kungoja mwaka.

Wakatengeneza lifti. Kati ya 1900 na 1901 mabehewa yalishushwa bondeni kwa kamba za chuma zilizozungushwa kwenye magurudumu makubwa, behewa lenye mzigo likishuka na kulivuta tupu kupanda. Kwenye sehemu zilizosimama zaidi, behewa liliwekwa juu ya kibebeo kilichotengenezwa kama kabari ili libaki limelala sawa huku chini yake reli ikishuka kama ngazi. Hata injini zilishushwa hivyo hivyo zikaendelee na kazi upande wa pili. Ukisimama leo kwenye zile sehemu za kupigia picha barabara ya kwenda Mai Mahiu, ukaangalia chini, utajua kwa nini sitaki kuwa yule mtu wa breki.

Zaidi ya hapo, kule Mau, ilikuwa matope. Ili reli ifike ziwani kabla ya mwaka kwisha, sehemu kubwa ya mwisho ilitandazwa kwa muda tu, matuta mabichi kwenye mvua za Nyando. Treni ziliacha reli na kuinuliwa, zikaacha tena. Tarehe 20 Desemba 1901 Florence Preston, mke wa Ronald Preston aliyesimamia utandazaji reli, alipiga nyundo ya mwisho ufukweni, na London ikapata habari iliyokuwa ikingoja. Reli imefika! Ilikuwa imefika kweli, lakini haikuwa imeisha. Madaraja 27 marefu ya chuma kati ya ukingo wa bonde na ziwa yalijengwa na kampuni ya Kimarekani, American Bridge Company, na kazi ya kuibadilisha njia ya muda kuwa njia ya kweli iliendelea hadi 1903.

Behewa lililoinama

Turudi kwa simba kidogo, kwa sababu kuna mmoja anayethibitisha ninachosema.

Juni 1900, Charles Ryall, msimamizi wa polisi wa reli, alikuwa akisafiri kuelekea Nairobi na wenzake wawili, Huebner na Parenti. Walisikia kwamba simba mla watu anasumbua stesheni ya Kima. Wakaamua kulala pale wamwinde. Behewa lao likasukumwa kwenye reli ya pembeni, mlango ukaachwa wazi, na Ryall akashika zamu ya kwanza. Akasinzia. Simba akaingia, akamkanyaga Parenti aliyekuwa amelala sakafuni, akamshika Ryall, akatoka naye dirishani.

Kwa nini dirishani na si mlangoni alikoingilia? Patterson anaeleza jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka. Ile reli ya pembeni ilikuwa mpya, haijasawazishwa. Behewa lilikuwa limeinama upande mmoja. Simba alipoingia, uzito wake uliliinamisha zaidi, na mlango, ambao ulikuwa wa kuteleza, ukateleza na kujifunga nyuma yake. Watu watatu wakawa wamefungiwa na simba kwenye chumba kimoja.

Sisemi Ryall angepona kama reli ingekuwa sawa. Pengine asingepona. Lakini hata hapa, kwenye stori maarufu kuliko zote za mnyama na treni, ukichimba kidogo unakuta tuta ambalo halijakamilika.

Behewa hilo lipo hadi leo kwenye makumbusho ya reli Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Unaweza kwenda kuliona, na nakushauri uende. Utaliangalia lile dirisha na utawaza jinsi simba alivyopenya pale na mtu mzima mdomoni. Ukimaliza, waza pia kwamba Ryall ana behewa, ana jina, ana tarehe. Wahindi 2,493 wana namba. Waafrika waliofyeka nyika, wakabeba mizigo, wakachimba, na kufa pale pale, hawana hata namba.

Walioona mapema

Jambo moja zaidi kuhusu Tsavo. Desemba 1898 vibarua walichoka. Treni ya kwanza iliyopita, walilala kwenye reli mbele yake ikabidi isimame, wakapanda kwa mamia na kuondoka zao. Kazi ya daraja ikasimama karibu wiki tatu. Kwenye masimulizi ya kikoloni hii ni sehemu ya kuchekesha, makuli waoga wanakimbia na mablanketi yao.

Mimi nausoma kama mgomo wa usalama kazini, labda wa kwanza mkubwa kwenye historia ya reli yetu. Walikuja kwa mkataba wa kazi, si kuwa chakula. Waliomba ulinzi, hawakupata wa kutosha, wakatumia silaha pekee waliyokuwa nayo, miili yao mbele ya injini. Na ilifanya kazi. Waliobaki walijengewa mahali pa kulala palipoinuliwa, juu ya matangi ya maji na juu ya miti. Kwa maneno mengine, kinga ilikuwepo. Iligharimu mbao na siku chache. Ilikuja watu walipogoma.

Kuna wengine walioiona reli kama hatari na hawakusubiri ruhusa ya mtu. Wanandi, ambao kiongozi wao wa kiroho Kimnyole alikuwa ametabiri ujio wa nyoka wa chuma atemaye moshi, walikata nyaya za simu na kung'oa vyuma vya reli. Kwa serikali ya kikoloni huo ulikuwa wizi uliohatarisha treni, na ulikuwa mmoja wa visingizio vya vita ambavyo Oktoba 1905 vilishuhudia Koitalel arap Samoei akiuawa kwa risasi kwenye mkutano alioitiwa kwa ajili ya amani. Miaka kumi baadaye Waingereza wenyewe walionja reli ikigeuzwa kuwa silaha. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, vikosi vya Wajerumani vilivuka nyika kutoka upande wa Kilimanjaro na kutega mabomu kwenye njia kati ya Mombasa na Tsavo, hadi injini zikaanza kusukuma mabehewa mbele yao ili bomu lilipukie hapo kwanza. Hapo gharama ya kinga haikujadiliwa bungeni hata kidogo.

Kurekebisha kunawezekana

Sipendi stori zinazoishia kwenye kilio, na hii haipaswi kuishia hapo, kwa sababu kuna sehemu reli hii ilifanya vizuri ajabu.

Tatizo la chuma chepesi na mlima mrefu lilipata jibu. Kuanzia 1926 reli ilianza kununua injini aina ya Garratt kutoka kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester. Garratt ni kama injini mbili zinazobeba birika moja katikati. Uzito unagawanywa kwenye magurudumu mengi, kwa hivyo reli nyembamba haivunjiki, na kwa kuwa imeunganishwa kwa viungo viwili inajipinda kwenye kona. Kati ya 1955 na 1956 zikaja kubwa zaidi, daraja la 59, injini 34, kila moja tani 252 na karibu mita 32, zikachoma mafuta mazito badala ya kuni. Zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Hakuna injini za mvuke kubwa kuliko hizo zilizowahi kutembea kwenye reli ya mita moja popote duniani, na kila moja ilivuta tani 1,200 kutoka Mombasa hadi Nairobi. Mbili zipo makumbusho yale yale ya behewa la Ryall, Mount Gelai na Mount Shengena. Simama karibu na gurudumu lake utajiona mtoto.

Lakini injini hizo zisingepita bila reli kuimarishwa, kona kunyooshwa na madaraja kujengwa upya. Watu walikaa chini, wakapima, wakatoa pesa, wakarekebisha. Walipotaka kuvuta mizigo zaidi, waliweza. Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba usalama ulikuwa nje ya uwezo wao.

Na ndiyo maana nakasirika nikisoma yaliyofuata. Usiku wa Januari 1993, treni ya abiria kutoka Nairobi kwenda Mombasa ilifika kwenye mto uliofurika karibu na Mtito Andei na kukuta daraja limebebwa na maji. Zaidi ya watu 100 walikufa. Mto huo unaitwa Ngai Ndethya, Kikamba cha Mungu nisaidie. Jina hilo lilikuwepo pale kabla ya ajali, na anayelijua hawezi kusema hakuambiwa kuhusu ule mto.

Halafu Aprili 2024. Unakumbuka usiku ule wa Mai Mahiu. Asubuhi tuliambiwa bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ikaeleza kwamba halikuwa bwawa: ni maji yaliyokuwa yamezuiliwa na tuta la reli kule Kijabe, kwa sababu kalvati la chini lilikuwa limeziba kwa mawe, miti na matope. Tuta likaachia. Makumi ya watu walikufa vitandani mwao, kilomita kadhaa kutoka kwenye reli ambayo wengi wao huenda hawajawahi hata kuipanda.

Kalvati. Tundu la kupitisha maji chini ya reli, ambalo mtu mwenye sururu na jembe anapaswa kulikagua kabla ya mvua. Hakuna atakayelitengenezea filamu. Halina meno, halina macho yanayong'aa gizani, na huwezi kulipiga risasi ukapiga picha umeweka mguu juu yake. Ila mvua za masika zinarudi kila mwaka, tarehe zake zinajulikana, na makalvati ya reli ya zamani yanaweza kuhesabiwa moja moja kutoka Mombasa hadi Kisumu, kwa mguu, kwa kalamu na daftari.